Nyatiti, Gitaa la Umeme na Istilahi za Fundi wa Ala

Makala haya yanashughulikia swali moja: fundi wa Migori au Homa Bay aundaye ala za nyuzi kwa mikono yake, akitaka kuunda gitaa la umeme, Kiswahili kina maneno gani ya kumpa? Swali lina uzito kwa sababu ya mahali penyewe. Katika mji wa Migori, Mluo, Mkuria na Mgusii hukutana kila siku, na kila mmoja ana ala yake ya nyuzi: nyatiti, iritungu na obokano. Fundi wa kabila moja akitaka kumfunza kijana wa kabila jingine, Kiswahili ndicho kitakachobeba maarifa hayo. Kikikosa maneno, mwalimu atabaki kuonyesha kwa kidole.

Kwanza tuondoe mkanganyiko. Aghalabu nyatiti huitwa “gitaa la kienyeji” au zeze. Majina hayo hayaifai. Gitaa na zeze zina shingo, na mpigaji hubana uzi juu ya shingo hiyo ili kubadilisha sauti. Nyatiti haina shingo. Ina tumbo la mti uliochongwa na kuwambwa ngozi ya ng’ombe, mikono miwili inayochomoza, na mti wa kukingama juu unaofungiwa nyuzi nane. Kila uzi una sauti yake. Ala ya umbo hilo Kiswahili kinaijua: ni kinubi, jina ambalo wafasiri wa Biblia walilitumia kwa ala ya Daudi. Jamaa za nyatiti zinapatikana kandokando ya Nile hadi Nubia na Ethiopia, na huenda jina lenyewe la kinubi linakumbuka njia hiyo.

Hata hivyo, nyatiti na gitaa la umeme zina udugu wa kimuziki. Benga ilipochipuka, wapigaji wa gitaa la solo walidonoa uzi mmoja mmoja kwa kasi, kama mpiga nyatiti adonoavyo. Daniel Owino Misiani, aliyetoka Shirati, upande wa Tanzania, jirani na Migori, na ambaye alifariki mwaka 2006, aliusambaza mtindo huo mbali akiwa na bendi yake ya Shirati Jazz. Magitaa yalikuwa ya viwanda vya ng’ambo. Sikio lililoyaongoza lilikuwa limelelewa na fundi wa nyumbani.

Basi kwa nini fundi huyo asiivushe nyatiti hadi kwenye umeme moja kwa moja? Kizingiti cha kwanza kiko kwenye uzi. Zamani nyuzi zilitengenezwa kwa kano za ng’ombe. Siku hizi ni nailoni ya kuvulia samaki, bidhaa isiyoadimika kandokando ya ziwa. Gitaa la umeme hutegemea sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba mara maelfu. Uzi wa chuma ukitetemeka juu yake, huitikisa nguvu ya sumaku na kuzaa mkondo mdogo wa umeme unaokwenda kwenye kikuza sauti. Nailoni haiitikisi sumaku hata kidogo. Wanamuziki wa Konono No. 1 wa Kinshasa walifaulu kuitia likembe umeme kwa sumaku za vipuri vya magari makuukuu kwa kuwa vijiti vya likembe ni vya chuma. Kifaa hicho makala haya yanapendekeza kiitwe kinasamtetemo, kwa kufuata mfano wa kinasasauti.

Kizingiti cha pili ni hesabu. Mpiga nyatiti hulinganisha kila uzi kwa sikio. Shingo ya gitaa, kinyume chake, hupigiliwa vipande vyembamba vya chuma, na kosa la milimita moja husikika. Urefu wa uzi unaobaki hugawanywa kwa 17.817 ili kupata nafasi ya kipande kinachofuata. Uzi wa milimita 648 hupata kipande cha kwanza kwenye 36.4, na cha kumi na mbili nusu kabisa ya safari, kwenye 324. Vipande hivyo viitwe mataruma. Taruma ni neno la mafundi wa majahazi na la reli, na atazamaye shingo ya gitaa kutoka juu ataona njia ya garimoshi.

Tafsiri mkopo haifai kila mahali. Kipande kinachoinua nyuzi juu ya tumbo la ala huitwa “daraja” kwa kuiga Kiingereza, ingawa hakuna kinachovuka hapo. Nyuzi huegemea. Egemeo, ambalo mwanafunzi wa fizikia analijua katika somo la wenzo, linatosha.

Kuhusu kukopa kutoka Dholuo, tahadhari inahitajika. Gara, kengele zifungwazo mguuni mwa mpiga nyatiti, tayari ni njuga. Oduong’o ni jambo jingine: pete ya chuma ivaliwayo kwenye kidole cha mguu na kugongwa kwenye mti wa nyatiti ili kushika mapigo. “Pete” peke yake hupoteza mguu, mti na mlio. Sauti ng’ imo katika Kiswahili, irabu ya mwisho ipo, na ngeli ya I-ZI inaipokea bila taabu: oduong’o hii, oduong’o hizi.