Somo kwa Makatibu: Maelezo ya Faili za Sauti na Picha Yanapokosekana

Chama kinachorekodi mkutano mkuu kwa simu na kuhifadhi sauti hiyo katika kompyuta ya ofisi kina ushahidi wa pili baada ya kitabu cha kumbukumbu. Lakini huenda katibu akafungua folda na kukuta safu za muda, tarehe na jina la mzungumzaji ni tupu. Akidhani faili imeharibika akaifuta, ushahidi wa maamuzi ya wanachama umepotea.

Programu inayoonyesha faili haitungi maelezo, bali huyasoma. Jina la faili, ukubwa wake na tarehe ya kubadilishwa hutunzwa na diski. Maelezo mengine yamo ndani ya faili yenyewe: faili ya MP3 huweza kubeba jina la mzungumzaji na mwaka katika sehemu iitwayo ID3, picha hubeba tarehe ya kupigwa katika sehemu iitwayo Exif. Ni sawa na gunia la kahawa: siku ya kuingia imo katika daftari la ghala, bali alama zimeandikwa juu ya gunia lenyewe.

Maelezo hukosekana kwa sababu kuu tatu.

Kwanza, safu haikuchaguliwa. Katika Windows, katibu abonyeze kitufe cha kulia cha kipanya juu ya vichwa vya safu, kisha achague anayoitaka.

Pili, programu haiwezi kusoma aina ile ya faili. Ifunguliwe kwa programu nyingine, kama VLC. Ikisikika yote, faili ni nzima.

Tatu, maelezo hayakuandikwa kamwe, au yaliondolewa njiani. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupoteza Exif. Ikitumwa kama hati huibakiza.

Yaliyoondolewa hayarudi kwa kubadili mpangilio wa safu. Kwa hiyo faili ipewe jina kamili siku ile ile, kwa mfano 2024-03-16-mkutano-mkuu. Nakala ya asili ihifadhiwe. Na jina hilo liandikwe katika kitabu cha kumbukumbu.

Maswali ya kujadiliwa

1. Je, tarehe ya kubadilishwa kwa faili yatosha kuthibitisha siku ya mkutano? Kwa nini?

2. Ni nani katika chama chenu mwenye idhini ya kufuta faili ya mkutano?