Kampuni Zikiungana, Piga Hesabu ya Hisa Zako

Una hisa za kampuni ya madini, halafu unasikia inaunganishwa na nyingine. Ukubali ama ukatae? Tuangalie Acacia, iliyokuwa ikichimba dhahabu Tanzania.

Mei 2019, Barrick ilikuwa tayari na karibu asilimia 64 ya Acacia, ikataka zilizobaki. Ilipendekeza kutoa hisa zake 0.153 kwa kila hisa moja ya Acacia. Baadhi ya wenye hisa wadogo walipinga, wakisema ni kidogo. Julai wakakubaliana 0.168. Aliyekuwa na hisa 1,000 za Acacia sasa angepata 168 za Barrick, si 153.

Usishtuke idadi ikishuka. Zidisha hisa mpya kwa bei yake sokoni, kisha linganisha na thamani ya zile ulizonazo.

Pia jiulize: nikikataa, nabaki na nini? Acacia ilikuwa kwenye mzozo wa kodi na serikali tangu 2017, kwa hivyo kubaki pia kulikuwa na hatari yake.

Ofa ya kwanza si lazima iwe ya mwisho. Soma waraka wote, piga hesabu, ndio upige kura.