NAMNA YA KUTOA SHAFTI ILIYOKWAMA

Mtu asimamaye juu ya milima ya Mbooni, katika Kaunti ya Makueni, huona mabonde, matuta ya mashamba na mito ya mchanga, wala haoni bahari. Hata hivyo fundi wa Mbooni na fundi wa mashua za injini kule Lamu au Kisumu hupatwa na taabu moja, nayo ni shafti iliyokwama. Kwa fundi wa Lamu ni shafti izungushayo rafadha ya mashua; kwa fundi wa Kikima au Tawa ni shafti ya mashine ya kusaga mahindi. Somo hili lawafaa wote wawili. Tutaanza na mashine ya kusaga, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu na wasomaji wa milimani, kisha tutaitazama mashua.

Mashine ya kusaga ikisimama, hasara haimwangukii mwenyewe peke yake. Muthokoi waweza kutwangwa kwa kinu na mchi nyumbani, lakini unga wa ugali wataka mashine. Mama aliyezoea kusaga karibu hana budi kubeba debe la mahindi kichwani, kushuka bonde na kupanda kilima kingine, kisha kurudi na unga jioni. Kwa ajili hiyo watu humhimiza fundi afanye haraka, naye huchukua nyundo kubwa. Puli nyingi ni za chuma kilichosubiwa kalibuni, na chuma hicho, ijapokuwa ni kigumu, hupasuka kama chungu kikigongwa. Puli ikipasuka, kazi ya siku mbili huwa kazi ya majuma.

Kwanza jua kinachoishika

Beringi za mashine zikichakaa, haziwezi kutolewa mpaka puli ivuliwe kwenye shafti. Puli hiyo hushikwa na vitu vitatu. Cha kwanza ni kii, yaani kipande cha chuma chenye pembe nne kilichotiwa katika mfereji kati ya shafti na puli, ili vizunguke pamoja. Cha pili ni skrubu ndogo iliyo juu ya kitovu cha puli, ambayo huikaza kii. Angalia sana hapa: mara nyingine ziko skrubu mbili katika tundu moja, moja juu ya nyingine. Fundi aliyetoa ya juu hudhani amemaliza, kumbe ya chini ingali inashika.

Cha tatu ni kutu. Chuma kikiliwa na maji na hewa hugeuka kutu, na kutu hiyo huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya nafasi ya chuma kilicholiwa. Kwa hiyo hujaa katika ufa mwembamba ulio kati ya shafti na puli, ikavibana vyuma vyote viwili kama kabari ibanavyo mpini wa jembe.

Kazi yenyewe

1. Zima injini, kisha vua mkanda. Ikiwa mashine yaendeshwa kwa umeme, zima swichi kuu na utoe fyuzi, ukae nayo mfukoni mpaka kazi iishe.

2. Safisha ncha ya shafti kwa brashi ya waya na msasa. Kama ncha ina meno au imepanuka kwa kugongwa zamani, ichonge kwa tupa mpaka iwe laini. Puli haiwezi kupita juu ya ncha iliyopanuka.

3. Toa skrubu zote za kitovu, nawe umulike tundu kwa tochi uone kama imebaki nyingine. Kama kii ina kichwa, ivute kwa kabari nyembamba iliyotiwa kati ya kichwa hicho na kitovu.

4. Tia mafuta ya kulegeza kutu yauzwayo madukani. Yakikosekana, changanya dizeli na mafuta kidogo ya injini. Tia pande zote mbili za kitovu, asubuhi na jioni, ukigonga kitovu polepole kwa nyundo ndogo juu ya kipande cha mti mgumu. Mgongo huo mdogo hauivui puli. Huitikisa kutu tu, mafuta yapate njia. Acha usiku kucha. Mafuta huingia polepole sana, wala hayawezi kuharakishwa kwa hasira.

5. Funga chombo cha kuvutia, ambacho mafundi hukiita pula. Kina miguu miwili au mitatu, na skrubu ndefu katikati. Miguu ishike nyuma ya kitovu, si ukingo wa puli, maana ukingo ni mwembamba nao utavunjika. Ncha ya skrubu ikae katikati kabisa ya shafti. Kaza kwa spana mpaka iwe ngumu, kisha gonga kichwa cha skrubu kidogo kwa nyundo. Kaza tena robo ya mzunguko, ungoje. Mara nyingi puli hulegea kwa mlio mkali.

Pula iliyokazwa sana yaweza kuruka kama mshale. Ifunike kwa gunia, usisimame mbele yake, wala usiruhusu watoto kukaribia. Vaa miwani ya kazi, kwa kuwa kipande kidogo cha chuma chatosha kumpofua mtu.

Matumizi ya moto

Ikiwa puli haijasogea baada ya siku mbili, moto waweza kusaidia. Chuma kikipata joto hutanuka. Tundu la kitovu lenye upana wa milimita 50, likiongezewa joto la nyuzi 100, hutanuka kiasi cha sehemu 6 katika 100 za milimita moja, yaani karibu na unene wa unywele. Huo ni mdogo, lakini mara nyingi watosha. Pasha kitovu moto kwa kukizunguka pande zote, wala usiipashe shafti, maana ikitanuka nayo hutapata faida yoyote.

Hapa yapasa kuwa na hadhari kubwa. Vumbi la unga likitanda hewani huweza kushika moto na kulipuka. Basi usiwashe moto ndani ya chumba cha kusagia. Fungua shafti pamoja na puli uitoe nje kwanza. Futa mafuta yote kabla ya kuwasha. Tena usimwagie maji chuma cha moto, kwa sababu kitapasuka.

Shafti ya mashua

Fundi wa mashua hukuta jambo lile lile, lakini maji ya bahari hulizidisha. Chumvi huharakisha kutu, na vyuma vya namna mbili, kama shaba nyeusi na chuma cha pua, vikigusana ndani ya maji hayo, kimoja humla mwenzake.

Kwanza mashua ipandishwe nchi kavu, kwa sababu shafti ikitoka huacha tundu chini ya maji, na mashua huzama. Shafti huungana na giaboksi kwa visahani viwili vya chuma vilivyokazwa pamoja kwa bolti. Fundi asiyejua huligonga sahani la shafti, na kishindo huiharibu giaboksi, ambayo bei yake ni kubwa kuliko shafti. Njia njema ni hii. Fungua bolti, tenga visahani, kisha weka kati yake kipande kifupi cha chuma chembamba kuliko shafti, kikiielekea ncha yake. Rudisha bolti zilizo ndefu zaidi, uzikaze moja baada ya moja, kidogo kidogo, kwa usawa. Kipande kile kitaisukuma shafti itoke katika sahani lake. Ndiyo kazi ile ile ya pula, nayo yafanywa kwa nguvu ya skrubu, pasipo nyundo kubwa.

Wakati wa kurudisha

Safisha shafti na tundu kwa msasa mpaka puli iingie kwa mkono. Paka mafuta mepesi, tia kii inayojaza mfereji wake sawasawa, kisha kaza skrubu. Baada ya siku mbili tatu za kusaga, simamisha mashine ukaze tena. Fundi afanyaye hivyo kila mara afunguapo mashine hujiondolea taabu ya kutu wakati mwingine, na mashine haitasimama muda mrefu mahindi ya mavuno yatakapoletwa.

Maswali ya kujipima

1. Ni vitu gani vitatu viishikavyo puli kwenye shafti?
2. Kwa nini kitovu hupashwa moto, na shafti haipashwi?
3. Kwa nini moto hauwashwi ndani ya chumba cha kusagia?
4. Mashua hufanywaje kwanza kabla ya kutoa shafti ya rafadha, na kwa sababu gani?