Darubini ya Bunduki ya Shabaha: Jina, Kazi na Uchaguzi Wake

1.0 Utangulizi

Neno darubini liliingia katika Kiswahili kutoka Kiajemi, ambako *dur* ni mbali na *bin* ni kuona. Kwa asili yake, basi, darubini ni kitu cha kuonea mbali. Maana hiyo yamtosha nahodha anayetafuta nchi kavu, lakini haimtoshi mlenga shabaha. Darubini inapofungwa juu ya bunduki hupewa kazi ya pili ambayo jina lake haliitaji, nayo ni kupima. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba makosa mengi katika kuichagua darubini ya bunduki hutokana na kuizingatia kazi ya kwanza na kuisahau ya pili. Aidha, yanadhamiria kubainisha kwamba Kiswahili kinaweza kuzieleza kazi zote mbili, mradi istilahi zitenganishwe ipasavyo. Suala hili si dogo. Mwanafunzi wa Kenya husomea fizikia kwa Kiingereza, na ni rahisi kwake kudhani kwamba mambo ya lenzi na pembe hayasemeki kwa lugha nyingine.

2.0 Mchezo na Kanuni Zake

Ulengaji shabaha wa masafa marefu una historia ndefu. Chama cha National Rifle Association cha Uingereza kiliasisiwa mwaka wa 1859, na tangu 1890 mashindano yake makuu yamekuwa yakifanyika Bisley, katika jimbo la Surrey. Katika tapo kongwe la mchezo huu, bunduki haifungwi darubini. Tapo linaloiruhusu ni F-Class, lililopewa jina kwa heshima ya Mkanada George Farquharson. Mashindano ya dunia ya tapo hili yalifika Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka wa 2005, na Bisley mwaka wa 2009.

Katika yadi 1000, yaani meta 914, duara la ndani kabisa la shabaha huwa na kipenyo cha inchi 5, sawa na sentimita 12.7. Hilo ni duara dogo kuliko kisahani cha chai. Hata hivyo, kabla ya kulifikiria duara hilo, mnunuzi hana budi kuzisoma kanuni. Katika kitengo cha F-TR, kwa mfano, bunduki pamoja na darubini na miguu yake miwili ya kuegemezea haipaswi kuzidi kilo 8.25. Darubini nzito hula sehemu ya uzito ambao ungetumika katika mtutu.

3.0 Kazi ya Kwanza: Kuona

Aghalabu husemwa kwamba darubini fulani "ina nguvu". Neno nguvu hapa linachanganya dhana tatu, nazo ni ukuzaji, mwangaza na udhahiri. Ukuzaji ni mara ngapi taswira imekuzwa. Mwangaza ni kiasi cha nuru inayolifikia jicho. Udhahiri ni uwezo wa lenzi kuitenganisha mistari miwili iliyokaribiana. Darubini yaweza kuwa na ukuzaji mkubwa na udhahiri hafifu, ikamwonyesha mlengaji ukungu mkubwa badala ya ukungu mdogo.

Uhusiano wa ukuzaji na mwangaza hudhihirika kwa hesabu nyepesi. Kipenyo cha lenzi ya mbele kikigawanywa kwa ukuzaji, hupatikana upana wa mwali unaoliingia jicho. Lenzi ya milimita 56 katika ukuzaji wa mara 20 hutoa mwali wa milimita 2.8, na katika ukuzaji wa mara 40 hutoa milimita 1.4 tu. Mboni ya jicho wakati wa mchana huwa na upana wa takriban milimita 2 hadi 4. Kwa hivyo, kila ukuzaji unapoongezwa kupita kiasi, taswira hufifia.

Isitoshe, pana mazigazi. Hewa inayopanda kutoka ardhi yenye joto huupinda mwanga, na shabaha huonekana ikicheza kama iliyo chini ya maji. Darubini hukuza mazigazi hayo pamoja na shabaha. Ndiyo sababu walengaji wengi huupunguza ukuzaji jua linapokuwa kali, na ndiyo sababu darubini yenye ukuzaji unaobadilika hufaa zaidi kwa anayeanza. Hali kadhalika, mazigazi yana manufaa: mwelekeo wa mtiririko wake humwonyesha mlengaji upepo unakokwenda.

4.0 Kazi ya Pili: Kupima

Risasi haisafiri katika mstari ulionyooka. Huvutwa chini na ardhi na kusukumwa kando na upepo. Darubini ina vifundo viwili vya kuzungusha ili kuyarekebisha mambo hayo. Kipimo kinachotumika ni dakika, si ya saa bali ya pembe, yaani sehemu 1 kati ya 60 za digrii. Katika yadi 1000, dakika 1 ni sawa na sentimita 26.6. Kipimo kingine ni miliradiani, ambayo ni meta 1 katika umbali wa meta 1000.

Kifundo hutoa mlio mdogo kila kinapopiga hatua. Kiswahili kina kitenzi alika, chenye maana ya kutoa mlio mkavu, lakini nomino mwaliko ingemfanya msomaji afikirie arusi. Kwa sababu hiyo, neno hatua linafaa zaidi. Hatua ya robo dakika husogeza pigo sentimita 6.65 katika yadi 1000, ile ya thumuni ya dakika husogeza sentimita 3.3, na ile ya sehemu 1 kwa 10 ya miliradiani husogeza sentimita 9.1. Likikumbukwa duara la sentimita 12.7, ni dhahiri kwamba hatua ya mwisho ni pana mno kwa mchezo huu.

Jambo la pili ni masafa ya marekebisho. Risasi ya milimita 7.62 kwa kawaida huhitaji takriban dakika 30 hadi 40 za kuinuliwa kutoka yadi 100 hadi 1000. Darubini yenye dakika 60 kwa jumla, ikifungwa sawasawa, hubakiza dakika 30 tu za kupandia. Dawa yake ni reli ya kufungia iliyoinamishwa dakika 20, ambayo huziongeza hizo 30 zikawa 50.

5.0 Msalaba na Paralaksi

Nyuzi zinazokutana ndani ya darubini zinaweza kuitwa msalaba. Katika darubini yenye ukuzaji unaobadilika, msalaba ukiwekwa mbele hukua pamoja na taswira. Ukiwekwa nyuma hubaki na unene ule ule. Kwa kuwa umbali wa shabaha hapa hujulikana mapema, msalaba wa nyuma ulio mwembamba hupendelewa, maana haulifuniki duara.

Paralaksi ni hitilafu inayotokea taswira na msalaba visipokuwa katika bapa moja. Bunduki hutulizwa imara, kisha kichwa husogezwa kidogo juu na chini. Msalaba ukionekana kuhama juu ya shabaha, kifundo cha paralaksi huzungushwa hadi utulie.

6.0 Mtihani wa Uaminifu

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Darubini mpya yafaa kujaribiwa. Mlengaji hupiga risasi kadhaa, husogeza hatua 40 juu, hupiga tena, kisha hufanya vivyo hivyo kulia, chini na kushoto, huku akilenga nukta ile ile. Mapigo ya mwisho yakirudi penye mapigo ya kwanza na mraba ukawa sawa, darubini hiyo ni ya kuaminika. Isiporudi, ukuzaji wake wote ni bure, kwani inaona ila haipimi.

7.0 Hitimisho

Imebainika kwamba uchaguzi una mpangilio: kanuni kwanza, kisha ukubwa wa hatua na masafa ya marekebisho, kisha paralaksi na msalaba, kisha udhahiri wa lenzi, na ukuzaji mwishoni. Wanunuzi wengi huuanzia mwisho. Imebainika pia kwamba maneno dakika, hatua, msalaba na mazigazi yalikuwa tayari katika lugha. Kilichohitajika ni kuyapa mipaka. Penye neno moja la nguvu, mnunuzi hulipia asichokihitaji. Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wana wajibu wa kuzichambua nyanja nyingine za ufundi kwa njia hii, wakianza na kazi ya kifaa kabla ya kukibunia jina.