Baridi ya Kipupwe Isiyo na Theluji: Ilinde Mifugo Yako Juni hadi Agosti



Kila mwaka, kipupwe kinapokaribia, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa mwelekeo wa msimu wa Juni, Julai na Agosti. Redioni utasikia habari ndefu za nyanda za juu kusini, Njombe, Makete na Mbeya, kwamba watu wajiandae kwa baridi kali. Zikifika zamu za pwani ya kusini, yaani Lindi na Mtwara, maneno huwa machache. Hapo ndipo wengi wetu huzima redio. Tunajiambia kwamba baridi ni ya watu wa milimani, na sisi shida yetu ni mbung'o na malisho.

Somo hili linakuomba usizime. Linamhusu aliye na mbuzi watano uani hapa Chikongola sawasawa na mwenye kundi la ng'ombe kule bondeni kwa Ruvuma.

Habari ya theluji

Tuimalize hii kwanza. Ukiletewa ujumbe kwenye simu kwamba theluji inakuja Mtwara, uufute. Kwa Tanzania theluji ya kudumu iko juu ya Kilimanjaro. Kinachoonekana Kitulo na sehemu za juu za Makete asubuhi za Juni na Julai ni sakitu, umande ulioganda juu ya nyasi, na hiyo inatokea kwa sababu uwanda wa Kitulo uko juu sana, karibu mita 2,600 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Sisi tuko ufukweni. Alfajiri ya Julai hapa mjini joto huzunguka nyuzi 19 au 20. Ukipanda uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba, panakuwa na ubaridi zaidi kidogo, lakini si wa kugandisha maji.

Pia usichanganye majira. Ukisikia habari za baridi kali Ulaya au Marekani mwezi Januari, hiyo ni baridi ya kaskazini mwa dunia, na wakati huo sisi tuko katikati ya mvua. Baridi yetu huja miezi ya katikati ya mwaka, mgandamizo wa hewa unapokuwa mkubwa huko kusini mwa Bahari ya Hindi, ng'ambo ya visiwa vya Mascarene, na kutusukumia upepo wa kusi.

Hata hivyo wafugaji wa nchi za theluji wana jambo la kutufundisha. Katika majira ya baridi ya mwaka 2009 kuamkia 2010, wafugaji wa Mongolia walipoteza mifugo zaidi ya milioni 8. Wanyama wale wamezoea baridi ya kugandisha mito, na manyoya yao ni mazito. Kilichowamaliza ni kwamba kiangazi kilichotangulia malisho yalikuwa duni, wakaingia kwenye baridi wakiwa wamekonda, kisha theluji na barafu vikafunika nyasi chache zilizobaki. Njaa ilitangulia, baridi ikamalizia. Ukilielewa hilo, umeelewa sehemu kubwa ya somo hili.

Kuloa, upepo na njaa

Ng'ombe ana jiko lake tumboni. Nyasi zinapochachuka kwenye tumbo kubwa hutoa joto, na joto hilo huzuiwa lisipotee na manyoya yaliyojaa hewa kavu. Manyoya yakiloa, ile hewa inatoka na maji yanakaa mahali pake. Upepo ukipiga juu ya manyoya hayo, joto linachukuliwa haraka. Waliopima jambo hili katika nchi za baridi wanasema ng'ombe mkubwa aliyeloa huanza kutumia akiba ya mwili wake kujipasha joto hewa ikishuka chini ya nyuzi 15 hivi, wakati akiwa mkavu na ameshiba angevumilia baridi kubwa kuliko hiyo. Ng'ombe wetu wa asili mwenye nundu ana manyoya mafupi na ngozi nyembamba. Ameumbwa kupoteza joto, na hiyo ndiyo sifa yake kwenye jua la Februari. Usiku wa manyunyu na kusi, sifa hiyo inamgeukia.

Kwa hiyo usitazame nyuzi za joto peke yake. Nyuzi 19 kwa ng'ombe mkavu aliyeshiba si kitu. Nyuzi hizo hizo kwa mbuzi aliyekonda, aliyenyeshewa magharibi na kulala juu ya matope upande wa upepo, zinaweza kumkuta asubuhi amelala ubavu. Wafugaji wa kaskazini mwa Kenya na wa Umasaini wanalijua vizuri: ukame ukishawakondesha wanyama, mvua ya kwanza waliyoiomba ndiyo inayowaua, mbuzi na kondoo wakitangulia.

Huku kwetu kipupwe ni msimu wa ukavu, lakini pwani hupata manyunyu ya hapa na pale, na mara nyingine mvua kubwa husogea hadi mlangoni mwa msimu. Kimbunga Hidaya kilifika eneo la Mafia tarehe 4 Mei 2024, na mvua na upepo wake ulisikika mikoa yetu ya kusini. Wanyama wanaoingia Juni wakiwa wametoka kwenye siku kama zile huwa tayari wamepoteza nguvu.

Zizi

Kusi hupiga kutoka kusini na kusini-mashariki. Basi kinga ya upepo uijenge upande huo, si kuzunguka zizi zima. Makuti, matete au fito zilizosukwa zinatosha, na kinga inayopitisha upepo kidogo ni bora kuliko ukuta mzima, kwa sababu upepo ukigonga ukuta huruka juu na kushuka kwa kishindo upande wa pili. Urefu wa mtu mzima unatosha.

Usizibe banda la mbuzi kama unavyoziba chumba cha mgonjwa. Hilo ni kosa linalofanywa kwa huruma. Ukiziba, mvuke wa mkojo unabaki ndani, unawasha mapafu, na mapafu yaliyowashwa ndiyo yanayopokea kichomi. Ukiingia bandani alfajiri macho yakakuwasha, toboa juu, karibu na paa, hewa itoke bila kuwapiga wanyama waliolala.

Chini pawe pakavu. Tandika mabua, nyasi kavu au vumbi la mbao, uongeze kila panapolowa. Mnyama hupoteza joto jingi kupitia ardhi mbichi anayoilalia, na wengi hulisahau hili kwa kuwa tunatazama paa tu.

Lishe iwe jioni. Nguvu za kuchachua nyasi huongezeka saa chache baada ya kula, kwa hiyo mnyama aliyepewa mabua au nyasi kavu magharibi analala na jiko linalowaka. Akiwa na pumba au mashudu kidogo ni vizuri zaidi, lakini usiache majani makavu ukategemea pumba. Joto la usiku linatokana na majani. Asubuhi usiwahi kuwatoa mbuzi wadogo umande ukingali mzito. Wanaloa miguu na tumbo, na viluwiluwi vya minyoo hupanda kwenye ncha za nyasi pamoja na umande.

Maji nayo wape jua likiwa juu. Kukiwa na ubaridi wanyama hunywa kidogo, na anayekula nyasi kavu bila maji ya kutosha hufunga choo. Wale wa karibu na mlango wa Ruvuma wanajua kwamba bahari inapojaa chumvi hupanda mtoni. Nyweshea juu zaidi, na macho yako yawe kwa mamba.

Ndama au mwanambuzi aliyezaliwa usiku

Huyu ndiye tunayempoteza zaidi. Anazaliwa ameloa, mafuta mwilini ni kidogo, na jiko la tumboni bado halijaanza kazi. Ana vitu viwili tu vya kumwokoa: kukaushwa, na dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama yake.

Mwache mama amlambe. Asipolamba, mfute kwa gunia kavu mpaka manyoya yasimame. Dang'a aipate ndani ya saa 6 za kwanza, mapema kadiri iwezekanavyo. Ndama wa kilo 25 anahitaji kiasi cha lita 2 na nusu. Dang'a ina nguvu ya kumpasha joto na kinga ya magonjwa, na uwezo wa utumbo kuipokea ile kinga hupungua kila saa inayopita. Kwa hiyo mila ya kuikamua na kuimwaga kwa kuwa ni nzito na ya njano inamnyima ndama chanjo yake ya kwanza.

Ukimkuta mdogo amelegea, mtie kidole kinywani. Kinywa kikiwa na joto na akanyonya kidole, mpe maziwa. Kinywa kikiwa baridi na hanyonyi, usimmiminie maziwa kamwe, yataingia mapafuni. Kwanza mpashe joto: mtie kwenye beseni la maji ya uvuguvugu ambayo mkono wako unayavumilia bila shida, kichwa kikiwa nje, kisha mkaushe kabisa na umfunge kwenye khanga kuukuu au gunia. Kama una kipimajoto, joto la kawaida la ndama ni kati ya nyuzi 38 na nusu na 39 na nusu. Chini ya 37 ni hatari. Akianza kunyonya kidole, sasa mpe dang'a yenye uvuguvugu.

Kazi hii mara nyingi huwaangukia mama na watoto, kwa kuwa mzee yuko machungani au mnadani. Basi wao ndio wafundishwe jambo la kidole.

Kikohozi si cha baridi siku zote

Hapa ndipo penye hasara kubwa. Mbuzi akikohoa Julai tunasema ni baridi, tunasubiri ipite. Mwaka 2010 hivi, sotoka ya mbuzi na kondoo ilifika Tandahimba na Newala. Ugonjwa ulikuwa umethibitishwa nchini mwaka 2008 huko kaskazini, na uchunguzi ulielekeza kidole kwa mbuzi walionunuliwa mnada wa Pugu, Dar es Salaam, wakaletwa kusini. Ulisafiri kwa gari. Upepo wa kusi haukuhusika.

Tofauti uishike hivi. Mbuzi aliyepigwa na baridi hutetemeka, hujikunyata, masikio yana baridi, na akikaushwa na kulishwa hupata nafuu siku ile ile. Mwenye sotoka ana homa kali, nyuzi 40 na zaidi, machozi na kamasi nzito, vidonda kinywani, kisha kuhara, na ndani ya siku chache wa pili na wa tatu wanafuata. Mwenye homa ya mapafu ya mbuzi anakohoa na kuhema kwa shida, shingo ameinyoosha, lakini kwa kawaida haharishi. Yote mawili yanataka afisa mifugo wa kata siku hiyo hiyo, wala si baada ya mnada kupita. Sotoka haina dawa ya kuiua, ina chanjo, na mbuzi akichanjwa vizuri hukingwa miaka 3 au zaidi.

Miaka hii Idi ya kuchinja inaangukia Mei na Juni, na mbuzi wengi husafirishwa kuja pwani kwa ajili ya sikukuu. Wapo wasiouzwa, nao huingizwa kwenye makundi ya wenyeji mwanzoni kabisa mwa kipupwe. Mbuzi yeyote mgeni mtenge wiki 3 hadi 4, chombo chake cha maji kiwe peke yake, hata kama ni zawadi ya shemeji.

Kusoma utabiri

Mwelekeo wa msimu ukisema joto litakuwa juu ya wastani, maana yake ni hesabu ya miezi mitatu kwa pamoja. Haukuahidi kwamba hakutakuwa na usiku mbaya hata mmoja. Kwa usiku mmoja mmoja sikiliza utabiri wa kila siku, na maneno matatu ya TMA: angalizo, ambalo rangi yake ni njano, tahadhari, ya machungwa, na tahadhari kubwa, nyekundu. Utakalolisikia mara kwa mara katika kipupwe ni angalizo la upepo mkali na mawimbi makubwa. Linaonekana la wavuvi, nami nasema ni lako pia: upepo unaomzuia mvuvi asitoke ndio huo huo utakaopiga zizi lako usiku.

Salfa na moto

Miezi hii jirani zako wanapuliza salfa kwenye mikorosho kuzuia ubwiri unga. Unga unaoanguka hubaki kwenye nyasi, na salfa nyingi katika lishe hudhuru ubongo wa ng'ombe. Usichunge chini ya mikorosho iliyopulizwa, mbali na kwamba unakaribisha ugomvi ambao huku kusini tumeshauona wa kutosha.

Moto wa kuota uwe nje ya zizi, upande upepo unakoelekea, na uzimwe kwa mchanga kabla ya kulala. Nyasi za Julai ni kavu, na shamba la korosho likiungua utalilipa kwa ng'ombe.

Beberu wa Januari

Mbuzi hubeba mimba miezi 5. Beberu akipanda Januari na Februari, watoto wanazaliwa Juni na Julai, kwenye kusi. Ng'ombe hubeba miezi 9 na siku chache, kwa hiyo ndama wa Julai alitungwa Oktoba. Beberu ni rahisi kumzuia: mtenge, au mfunge kipande cha ngozi chini ya tumbo kama Wamaasai wafanyavyo. Ukimwachia mwishoni mwa Juni na Julai, watoto watazaliwa kuanzia mwishoni mwa Novemba, nyasi zikianza kuchipua na mama ana maziwa. Mvua itakuwepo, ni kweli, na banda litahitaji paa lisilovuja. Mimi ningechagua hiyo kuliko ukavu wa Agosti, lakini wewe unajua malisho yako.