Kusoma Umri wa Nyota Zinazopoa

Watu wa Cyanzarwe na Gisenyi hawajausahau usiku wa tarehe 22 Mei 2021, anga juu ya Nyiragongo lilipogeuka jekundu na lava ikateremka kuelekea Goma. Baadaye lava ile iliganda ikawa jiwe jeusi, lakini aliyeisogelea bado alihisi joto usoni. Mwanga ulikuwa ungali unatoka, ila ulikuwa umeshuka chini ya wekundu ambao jicho linaweza kuuona. Huo ndio mwanga wa infraredi. Setilaiti huutumia kufuatilia joto la volkano hiyo hiyo.

Sasa ipe Nyiragongo mgongo, utazame kusini. Katikati ya Julai, kiangazi, baada ya Isha mnamo saa tatu usiku, kundi la Nge liko juu sana. Nyota yake nyekundu ni Antares. Waarabu waliiita Qalb al-Aqrab, moyo wa nge. Kando yake, kidogo upande wa magharibi, darubini ya mkononi itakuonyesha kidoa kama ukungu. Hicho ni M4, fundo tufe: maelfu kwa maelfu ya nyota zilizozaliwa karibu wakati mmoja, umbali wa takribani miaka ya nuru 6,000.

Humo mna vibete vyeupe. Kibete cheupe ni kiini kinachobaki nyota mfano wa Jua inapomaliza fueli yake; ukubwa wake ni kama wa Dunia tu, ilhali uzito wake unakaribia wa Jua kuliko wa sayari yoyote. Hakichomi tena kitu, kinapoa tu. Basi ukijua kasi ya kupoa, kile kilicho baridi kuliko vyote kitakuambia umri wa fundo zima. Mwaka 2002 wanaastronomia waliotumia darubini ya Hubble waliutangaza umri wa M4 kwa njia hiyo: miaka bilioni 12 hadi 13. Ulimwengu wenyewe una bilioni 13.8.

Lakini mfano wa lava una mpaka. Lava kadiri inavyopoa inazidi wekundu, kisha inabaki infraredi peke yake. Kibete kizee hakifuati njia hiyo. Joto la uso likishuka hadi karibu nyuzi 4,000, hidrojeni iliyo katika angahewa yake huwa imeungana kuwa molekuli. Molekuli hizo zimebanwa mno, zinagongana, na katika kugongana zinameza infraredi. Nishati hulazimika kutoka kwa mawimbi mafupi zaidi, na kibete huanza kurudi kwenye ubuluu! Anayeisoma rangi hiyo kama ya lava atakidhania kina joto zaidi, na hivyo ni kichanga kuliko kilivyo. Dalili ya uzee wake ni infraredi inayokosekana, kwa hiyo ni lazima ipimwe.

Kuipima kutoka ardhini ni taabu: mvuke wa maji hewani humeza sehemu kubwa ya infraredi, na hewa yenyewe inaitoa. Ndiyo sababu darubini ya James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021 ikiwa na kioo cha mita 6.5, imewekwa umbali wa kilomita milioni 1.5, nyuma ya kinga ya jua. Mwaka 2023 ilielekezwa M4 na NGC 6397, mafundo tufe mawili yaliyo jirani zaidi nasi.

Hilo la pili nalo linaonekana Cyanzarwe kwa darubini ya mkononi, usiku ule ule, chini zaidi kuelekea kusini. Aliye London halichomozi kwake kamwe.