Wanaotumia Dawa za Kupunguza Kinga: Ugonjwa Unaweza Kuwapo Bila Homa

Chukua mfano wa mkulima wa Moiben aliyepita miaka hamsini, ambaye kwa miezi minne sasa anameza prednisoloni kwa sababu ya ugonjwa wa viungo. Msimu wa kuvuna mahindi umefika. Anachoka mapema kuliko mwaka jana na suruali inamlegea kiunoni. Ana kikohozi kidogo, lakini vumbi la mahindi liko kila mahali na kila mtu shambani anakohoa. Mkewe anampima kwa kipimajoto: nyuzi 36.9. "Mzee, huna homa," anamwambia. Mzee anapumzika siku moja, kisha anarudi kazini. Wiki sita baadaye, picha ya kifua inaonyesha kifua kikuu kilichoenea katika mapafu yote mawili.

Mkulima huyo ni wa mfano tu, lakini kosa lililomponza hutokea kila siku, na si la mkewe. Sote tumelelewa tukijua kwamba mgonjwa hugunduliwa kwa kumgusa paji la uso. Kwa mtu anayetumia dawa za kupunguza kinga ya mwili, kipimo hicho cha mama zetu hakitoshi tena.

Sababu yake ni rahisi kueleza. Homa, uvimbe, wekundu, usaha na maumivu havitengenezwi na viini vya ugonjwa peke yake. Sehemu kubwa ni kazi ya mwili wenyewe unapopigana. Chembe nyeupe za damu zinapokutana na bakteria, hutoa kemikali zinazoita chembe nyingine na kuuagiza ubongo upandishe joto. Dawa za kupunguza kinga huzima mawasiliano hayo. Hufanya hivyo kwa makusudi, kwa kuwa kuna magonjwa ambamo kinga imekosea adui na kuushambulia mwili wenyewe. Lakini kengele ya mlango ikizimwa, haiwalii wageni wala wezi. Kidonda hakiwi chekundu na nimonia haileti joto kali. Hata utumbo uliotoboka, ambao kwa kawaida humfanya mtu ajikunje kwa maumivu, unaweza kumpa anayetumia prednisoloni nyingi kero ndogo tu ya tumbo.

Wanaohusika katika Kaunti ya Uasin Gishu si wachache. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi iliyoko Eldoret hupandikiza figo, na aliyepandikizwa humeza dawa za kupunguza kinga, kama takrolimasi na azathiopirini, maadamu figo hiyo ingali inafanya kazi. Wako wanaotibiwa saratani kwa kemikali. Wako wagonjwa wa lupasi, wa baridi yabisi inayokula viungo, wa vidonda vya utumbo mpana, wa figo zinazovujisha protini, na wale wa pumu kali waliowekwa kwenye vidonge vya prednisoloni kwa muda mrefu. Kipimo cha dawa na muda wa kuitumia ndivyo vinavyoamua hatari. Vidonge vya siku tano baada ya shambulio la pumu haviko sawa na miligramu 15 au zaidi kila siku kwa mwezi mzima, kiwango ambacho wataalamu wa kifua kikuu hukihesabu kuwa cha kuongeza hatari ya ugonjwa huo.

Dawa ya pumu ya kuvuta kwa pumzi isiingizwe katika hofu hii. Kwa vipimo vya kawaida hufanya kazi zaidi ndani ya mapafu, na tatizo lake kubwa ni utando mweupe mdomoni, ambao huzuiliwa kwa kusukutua maji na kuyatema baada ya kuvuta. Anayeiacha kwa kuogopa kupungukiwa kinga anajitafutia shambulio la pumu.

Wageni waliolala ndani

Maambukizi mengine hayatoki nje. Yako ndani ya mwili tangu zamani, yamefungiwa na kinga, na yanangoja mlinzi asinzie. Kifua kikuu ndicho cha kwanza kwetu. Shirika la Afya Duniani linaiweka Kenya miongoni mwa nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo, na linakadiria kwamba takriban robo ya watu wote duniani wamewahi kuambukizwa viini vyake. Wengi wao hawataugua kamwe. Kinga ikipunguzwa, hesabu hiyo hubadilika, na kifua kikuu kinachoamka kwa njia hii mara nyingi hakiko mapafuni pekee. Hukaa kwenye tezi, uti wa mgongo, tumbo au utando wa ubongo, ambako hakuna kikohozi cha kukifichua. Ndiyo maana kabla ya dawa nzito kuanza, daktari huuliza kama kuna mtu nyumbani aliyewahi kutibiwa kifua kikuu. Swali hilo si la kumwaibisha mtu. Jibu la kweli linaweza kumpatia mgonjwa dawa za kukizuia. Mojawapo ya matibabu hayo humezwa mara moja kwa wiki kwa wiki 12. Dawa za kundi hilo hupunguza nguvu ya takrolimasi na ya prednisoloni, kwa hiyo kliniki zote mbili sharti zijue.

Wa pili hajulikani sana, ingawa wakulima ndio walio karibu naye zaidi. Ni mnyoo mwembamba uitwao strongiloidi, unaoingia kupitia ngozi ya mtu anayekanyaga udongo wenye kinyesi bila viatu. Minyoo mingi hufa baada ya muda, lakini huyu huzaana humo humo mwilini kwa miaka mingi. Wanajeshi wa Uingereza waliokuwa mateka wa Japani katika Vita Kuu vya Pili walikutwa naye zaidi ya miaka 30 baada ya kurudi kwao. Kwa mtu mwenye kinga timamu, huleta kuwashwa ngozi au tumbo kusumbua mara kwa mara. Mtu huyo akipewa prednisoloni au deksamethasoni, mabuu yake yanaweza kuongezeka maelfu kwa maelfu, kutoboa utumbo na kusambaza bakteria kwenye damu. Hali hiyo huua. Kidonge kimoja cha kawaida cha minyoo hakimtoi kwa uhakika. Dawa yake ni aivamektini ya binadamu, iliyoandikwa na daktari. Wafugaji wengi wanaifahamu dawa hiyo kama sindano ya ng'ombe, na wasijaribu kujitibu kwa chupa ya zizini.

Homa ya ini aina ya B nayo hulala. Dawa kama rituksimabu na za saratani zinaweza kuiamsha kwa nguvu ya kuharibu ini, navyo vipimo vya damu kabla ya tiba huonyesha hatari hiyo. Mkanda wa jeshi ni virusi vya tetekuwanga vilivyojificha kwenye mishipa ya fahamu tangu utotoni. Huanza na maumivu ya kuchoma upande mmoja wa mwili, siku kadhaa kabla ya malengelenge kutokea. Mgonjwa afike kituoni siku yale maumivu au malengelenge ya kwanza yanapoonekana, kwa kuwa dawa yake hufaa zaidi ndani ya siku tatu tangu malengelenge yatokee.

Dalili ndogo zenye uzito

Homa ikitokea kwa mtu wa kundi hili, ichukuliwe kwa uzito maradufu. Kwa anayetibiwa saratani kwa kemikali, nyuzi 38 au zaidi ni dharura ya siku hiyo hiyo, hata kama ni saa nane za usiku. Chembe zake nyeupe kwa kawaida hushuka zaidi kati ya siku ya saba na ya kumi na nne baada ya dawa, na akiwa na homa katika siku hizo anahitaji antibiotiki ya mshipani ndani ya saa moja tangu afike hospitalini. Asimeze panadoli kwanza ili "aone kama itashuka". Itashuka, na bakteria watabaki.

Homa isipokuwepo, kuna mambo mengine ya kutazama. Mtu anayepumua haraka akiwa ameketi, anayechanganyikiwa au kusinzia kuliko desturi yake, anayetetemeka kwa baridi, ambaye mkojo umepungua, au ambaye joto lake limeshuka chini ya nyuzi 36, anaweza kuwa na maambukizi kwenye damu. Huyo apelekwe hospitalini mara moja. Nyingine huja polepole: kikohozi kinachozidi wiki mbili, jasho la usiku linaloloanisha shuka, uzito unaopungua, tezi za shingo, maumivu ya mgongo yasiyoisha. Kuumwa kichwa kwa siku nyingi mfululizo, hata bila shingo kukakamaa, kunahitaji uchunguzi, kwa sababu kuvu na kifua kikuu vinaweza kushika utando wa ubongo. Kushindwa kumeza pamoja na utando mweupe mdomoni ni dalili. Hata kuishiwa pumzi kwa kupanda ngazi alizozizoea mtu ni dalili.

Mara nyingi mgonjwa mwenyewe ndiye wa mwisho kuona. Mke, mume au mtoto wa nyumbani husema "siku hizi baba amebadilika" wiki nzima kabla ya kipimo chochote kuonyesha kitu. Kauli hiyo ifikishwe kwa daktari jinsi ilivyo.

Anayetumia methotrekseti kwa ugonjwa wa viungo ana jambo lake la pekee. Dawa hiyo humezwa mara moja kwa wiki. Wako wanaoimeza kila siku kwa kuichanganya na dawa nyingine, na uboho unaotengeneza damu huzimika. Vidonda vya ghafla mdomoni huwa onyo la mapema. Siku ya dawa iandikwe kwenye pakiti, kwa mfano "JUMATATU TU".

Pia kuna septrini. Madaktari huwapa baadhi ya wagonjwa hawa kidonge hicho cha kila siku ili kuzuia aina ya nimonia inayosababishwa na kuvu. Kwa kuwa watu wengi wanakifahamu kama dawa ya wanaoishi na virusi vya Ukimwi, wapo wanaokificha au kukitupa ili majirani wasije wakadhani vingine. Kutupa kinga kwa sababu ya macho ya jirani ni hasara kubwa.

Kituoni na kwenye duka la dawa

Mgonjwa anapofika zahanati au kituo cha afya, kauli yake ya kwanza iwe: "Natumia dawa zinazopunguza kinga." Asisubiri kuulizwa. Muuguzi anayepokea watu wengi asubuhi hawezi kulijua hilo kwa kumtazama, na mtu asiye na homa hurudishwa mwisho wa foleni. Aje na pakiti za dawa au picha zake kwenye simu. Wahamasishaji wa afya ya jamii, waliopewa vifaa vyao mwaka 2023, wanabeba kipimajoto na wanaweza kuandika rufaa, lakini nao waambiwe kuhusu dawa hizo.

Kuacha dawa ghafla kwa hofu ya maambukizi kuna hatari yake. Mwili uliozoea prednisoloni kwa wiki kadhaa huacha kutengeneza homoni yake ya aina hiyo, katika tezi zilizo juu ya figo. Ikikatwa kwa siku moja, shinikizo la damu linaweza kuporomoka, hasa mtu anapokuwa mgonjwa. Wakati wa ugonjwa mkali daktari huenda akaongeza kipimo badala ya kukipunguza. Aliyepandikizwa figo akiacha dawa zake, figo inaweza kukataliwa na mwili.

Kundi lililo hatarini zaidi huenda ni la watu wasiojua kwamba wanatumia dawa hizi. Deksamethasoni na prednisoloni huuzwa kiholela, hutumiwa na wanaotaka kunenepa, na katika nchi mbalimbali zimekutwa zimechanganywa kwa siri ndani ya "dawa za asili" za viungo na pumu. Poda inayoondoa maumivu ya miaka kumi kwa siku mbili inapaswa kutiliwa shaka. Uso ukianza kuwa wa mviringo, ngozi ikichubuka kirahisi na sukari ikipanda, mtu aende kupimwa akiwa na dawa hiyo mkononi.

Ulimwengu uliona mfano mkubwa wakati wa Korona. Mwezi Juni 2020 utafiti wa Uingereza ulionyesha kwamba deksamethasoni huokoa wagonjwa mahututi wanaohitaji oksijeni. Mwaka uliofuata, India ilikumbwa na maelfu ya visa vya kuvu jeusi linalokula pua na macho, wengi wao wakiwa wagonjwa wa kisukari waliopewa steroidi, wengine bila kuzihitaji.

Nyumbani, maziwa yachemshwe kabla ya kunywewa au kutiwa kwenye kibuyu cha mursik, kwani brusela huja na jasho na maumivu ya mgongo ya taratibu. Viatu vivaliwe shambani na zizini. Anayetoka nyanda za juu za Eldoret kwenda Bonde la Kerio, Busia au Turkana alale ndani ya neti, na akirudi na uchovu au kichwa kuuma apimwe malaria hata bila homa.

Kuhusu chanjo, zile zisizo na viini hai, kama ya mafua na ya nimonia, kwa kawaida zinafaa. Zenye viini hai, kama za surua na homa ya manjano, zinaweza kumdhuru mwenye kinga iliyopunguzwa sana. Hilo linagusa wakazi wa hapa moja kwa moja, kwa kuwa baada ya mlipuko wa Bonde la Kerio wa 1992 na 1993, chanjo ya homa ya manjano iliingizwa katika ratiba ya watoto wa Elgeyo Marakwet na Baringo, na msafiri wa nchi kadhaa hudaiwa kadi yake mpakani. Mgonjwa amwone daktari wake kabla ya kudungwa. Ikiwa chanjo haimfai, apewe cheti cha msamaha cha kubeba safarini.